Diski imekufa, je data nazo zimekufa?

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja pale Ngarenaro nasubiri kuprinti barua, akaingia mama mmoja kabeba diski ya nje, zile za kuchomeka kwa waya wa USB, kaiviringisha kwenye kanga. Mama ni katibu wa kikundi cha vikoba, na humo ndani kuna hesabu za miaka minne, nani kakopa, nani karejesha, hisa za kila mtu, na pembeni ya hizo kuna picha za msiba wa mume wake ambazo hazipo kwingine kokote. Akiichomeka, kompyuta inaganda. Basi ndani ya dakika tano duka zima likawa na dawa, mmoja anasema iweke kwenye friza ilale humo, mwingine anasema igonge ubavuni taratibu, dogo wa steshenari anasema Windows yenyewe imeomba ifomatiwe kwaiyo tufomati tu afu kuna programu ya kurudisha, na kaka mmoja mtu mzima akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, mama angu, diski ikifa imekufa, anza kuandika upya.

Nilimwomba mama aichomoe kwanza. Mengine tukaongea ikiwa imezimwa.

Nimekaa kwenye ufundi wa kompyuta Moshi na Arusha muda mrefu na haya maneno manne nayasikia karibu kila wiki, hasa kipindi umeme unapokuwa wa kuja na kuondoka. Kinachonisumbua ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na kipande cha ukweli mkononi, na kipande cha ukweli ndo kinachomponza mtu. Kwaiyo tuelewane jambo moja kabla ya yote: diski kufa na data kufa ni vitu viwili. Diski ni chombo, data ni kilichomo. Mara nyingi sana chombo kikipata shida kilichomo bado kipo palepale, na kinachokuja kukimaliza ni yale tunayofanya lile saa la kwanza tukiwa tumechanganyikiwa.

Sasa hadidiski yenyewe ni nini. Ni kasanduku ka chuma, ndani kuna sahani moja au zaidi za mviringo zinazong'aa kama kioo, na nyingi za diski za laptopu ni kioo kweli kilichopakwa tabaka jembamba la sumaku. Data imeandikwa kwenye hiyo sumaku. Sahani zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea kilichoshikwa na mkono mwembamba, kama ule mkono wa santuri za zamani, ila sindano ya santuri inagusa na kichwa cha diski hakitakiwi kugusa kabisa. Kinaelea. Upepo unaotokana na sahani kuzunguka ndo unakibeba, na nafasi iliyobaki kati yake na sahani ni nanomita chache tu, wakati unywele wako una unene wa nanomita kama elfu sabini au themanini. Piga na hesabu ya kasi: sahani ya diski ya kompyuta ya mezani inayozunguka mara 7,200, ukingo wake unapita chini ya kichwa kwa karibu kilomita 130 kwa saa. Ni basi linalopita Usa River kwa mwendo huo likakutana na gogo barabarani, na gogo lenyewe ni chembe moja ya vumbi. Vumbi letu la mwezi wa pili mnalijua.

Upande wa chini wa kasanduku kuna bodi, ile yenye chipu, inayopokea umeme na kuongea na kompyuta. Na kuna kitu kimoja zaidi ambacho hukioni kwa macho, mimi nakiita daftari.

Fikiria stoo ya mahindi pale soko la Kilombero. Magunia yamejaa mpaka juu, na mlangoni amekaa mtunza stoo na daftari, mzigo wa fulani uko mstari wa saba, wa fulani uko kona ya kushoto. Diski nayo ina daftari lake hivohivo. Ukifuta faili hakuna gunia linalotolewa, mtunza stoo anapiga mstari tu kwenye jina lako na kuandika nafasi iko wazi, gunia linabaki limekaa pale mpaka siku mwenye mzigo mwingine aje arundikiwe palepale. Ukifomati ile ya haraka, anafunga daftari la zamani na kufungua jipya, tupu, wakati stoo imejaa. Ndo maana dogo wa steshenari hakudanganya kabisa, programu za kurudisha data zipo na zinafanya kazi, kwa mfano TestDisk na PhotoRec za yule Mfaransa Christophe Grenier ni za bure. PhotoRec inachofanya ni kama mtu kuingia stoo bila daftari, anafungua gunia moja moja, hili mahindi, hili kahawa, kwa sababu kila aina ya faili ina alama zake pale mwanzoni, picha ina zake, hati ya PDF ina zake. Na hapo unaelewa kwanini picha zikirudi zinarudi na majina ya ajabu ya namba namba, maana jina la faili lilikuwa kwenye daftari.

Lakini kuna fomati ndefu, ile ya kusubiri. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, hiyo inaandika sifuri diski nzima. Hapo magunia yametolewa na sakafu imepigwa deki. Data iliyoandikiwa juu kwenye diski za siku hizi hairudi, hata mara moja inatosha, mtu asikudanganye kuna mtambo sehemu unaosoma kivuli cha chini.

Kwaiyo kama umefuta kwa bahati mbaya, au diski inasomeka vizuri ila mafaili hayaonekani, au kimetokea kile kidirisha cha kuomba kufomati, huo ni ugonjwa wa daftari, na ni ugonjwa mwepesi kuliko yote mradi usiandike kitu kingine humo. Usipakue programu ya kurudisha ukaiweka kwenye diski ileile, usirudishie mafaili kwenye diski ileile. Watu wanafanya hivi kila siku, wanamwaga mzigo mpya juu ya magunia wanayoyatafuta.

Shida ni kwamba kile kidirisha cha kufomati kinakuja pia kwa ugonjwa mwingine mzito zaidi, na Windows haikwambii tofauti. Mama wa vikoba alikuwa na huo wa pili. Niliuliza maswali matatu tu, ilidondoka? Hapana. Inatoa sauti ngeni? Hapana, inavuma kama siku zote. Ilianza ghafla? Hapana, ina kama mwezi mzima inakuwa nzito, faili moja linachukua dakika nzima kufunguka. Hapo ukisikia hivo ujue sahani imeanza kuwa na mabaka, sehemu ambazo kichwa kinasoma na kurudia na kurudia kisielewe, na wakati kinarudia kompyuta nzima inakusubiri, we unaona imeganda. Mafundi tunaita sekta mbovu. Kila kurudia kunamchosha mgonjwa, na kichwa chenyewe kinaweza kufa kikiwa kwenye hiyo kazi.

Hapa ndo watu wengi, na mafundi wengi kusema kweli, wanaenda moja kwa moja kwenye CHKDSK, ile programu ya Windows ya kukagua diski. Naomba nieleweke kwa hili. CHKDSK kazi yake ni kuliweka daftari sawa, haijali gunia lako. Ikikuta ukurasa haueleweki inaweza kuuchana ili daftari lililobaki liwe safi, na inaandika kwenye diski ambayo ilitakiwa isiguswe hata kidogo. Kwenye diski nzima isiyo na maradhi sawa, kwenye diski yenye mabaka nimeona ikiacha folda tupu.

Dawa yake ni kunakili diski nzima kwanza, mwanzo mpaka mwisho, kwenda kwenye diski nyingine isiyo na ugonjwa, afu kazi zote za kutafuta mafaili ufanyie kwenye nakala. Kuna programu ya bure ya Linux inaitwa ddrescue, na ninavyoielewa mimi inafanya kama mchuma kahawa anayejua kazi. Anapita shambani anachuma mbivu zilizo karibu, tawi likionekana kavu halivuti kwa nguvu, analiruka anaendelea, anaweka kumbukumbu kwamba mche ule nimeuacha. Akishajaza vikapu na vizuri vyote vikiwa nyumbani ndo anarudi na ngazi kwa yale magumu, na tawi likivunjika sasa hivi hasara ni ndogo. Kukopi na kupesti kwa kawaida hakuko hivo, kwenyewe kukikutana na tawi kavu la kwanza kunang'ang'ania hapohapo mpaka mti unaanguka na kahawa zote.

Diski ya mama tuliinakili siku mbili na usiku wake, nikiwa nimeiwekea feni. Vitabu vya vikoba vyote vimetoka. Picha za msiba zimetoka zaidi ya nusu, baadhi zina kijivu nusu ya chini, na video moja ya kaburini haikufunguka, hiyo nilimwambia ukweli kwamba baka limekaa hapohapo na akanyamaza kidogo akasema sawa baba, Mungu amesaidia. Wangefomati pale steshenari na kuanza kuisugua na programu juu ya diski hiyohiyo mgonjwa, sidhani kama ingemaliza siku.

Ugonjwa wa tatu ni wa umeme. Diski haizunguki kabisa, hamna mlio, hamna joto, kimya. Kinachonihuzunisha hapa ni adapta. Zile diski kubwa za nje za mezani zinatumia volti 12, chaja nyingi za laptopu zinatoa volti 19, na pini zinaweza kuingiliana vizuri kabisa. Mtu kapotezewa adapta akatafuta yoyote inayoingia, cheche, kwisha. Ila mara nyingi kinachokuwa kimeungua ni kadiodi kadogo kwenye bodi kaliwekwa makusudi kafe ili vingine vipone, na fundi wa elektroniki anayejua anaweza kukatoa, diski ikawaka muda wa kutosha kunakili vitu, bila hako kadiodi haina tena ulinzi kwaiyo ni ya kunakili tu na sio kuendelea kutumia. Data kwenye sahani haikuguswa.

Kuna imani ya zamani kwamba bodi ikiungua unachukua ya diski nyingine ya aina hiyohiyo unabadilisha, basi. Zamani ilikubali. Diski za siku hizi kila moja imepimwa kiwandani, vipimo vya vichwa vyake vimeandikwa kwenye chipu iliyo kwenye bodi yake, ni kama kuvaa miwani ya mwenzako, fremu inakutosha lakini huoni. Ile chipu lazima ihamishwe kwa kuchomelewa kwenye bodi mpya. Kwaiyo bodi iliyoungua usiitupe, hata iwe nyeusi.

Sasa wa nne. Tak, tak, tak. Ukisikia hiyo ondoa mkono kwenye kila kitu uichomoe. Sauti hiyo mara nyingi ni mkono wa kichwa unakwenda kutafuta alama za njia kwenye sahani, hauzioni, unarudi nyumbani, unajaribu tena. Vichwa vimekufa au vimepinda, mara nyingi kwa kudondoka. Na kama kimepinda kinaweza kuwa kinakwangua, na kinachokwanguliwa ni ile sumaku yenyewe, yaani ni herufi zinageuka unga. Hiyo hairudishwi na mtu yeyote duniani. Programu hapa hazina kazi, hata iwe ya kulipia, maana programu inaongea na diski kupitia vichwa hivohivo vilivyokufa.

Shangazi yangu wa Moshi, kule Majengo, alidondosha diski yenye video za harusi ya binti yake. Kabla sijajua aliipeleka kwa fundi mmoja mjini, yule akaifungua mezani, dirisha wazi, bisibisi mkononi, akausogeza mkono kwa kidole, akaiwasha ikiwa wazi. Mimi niliiona siku ya tatu yake. Sahani ilikuwa na duara limechorwa kama limepigwa bikari. Kabla ya hapo alikuwa na nafasi nzuri tu, vichwa vingebadilishwa kwenye chumba safi, vile vyumba vyenye hewa iliyochujwa, kwa kutumia vichwa vya diski nyingine inayofanana. Sitaki kumhukumu fundi, najua alitaka kusaidia, lakini natamani angesema tu hii siwezi.

Na hapo naomba tuzungumze friza na kugonga kwa pamoja. Diski za zamani sana vichwa vilikuwa vikiganda kwenye sahani, kuigonga au kuipooza kuliwahi kuviachia, ikawaka dakika kadhaa, hadithi ikabaki mpaka leo. Diski ya sasa vichwa vyake vikizimwa vinapanda pembeni kwenye ngazi yake maalumu. Ukiitoa kwenye friza hewa yetu yenye unyevu inafanya matone kwenye kila kitu baridi, angalia chupa ya soda ikitoka kwenye friji mchana wa Moshi, sasa matone hayo yako pale ambapo hata chembe ya vumbi ni gogo.

Ooh, na watu wengi wanadhani ndani ya diski hamna hewa. Ipo. Diski nyingi zina katundu kenye kichujio, ukiangalia pameandikwa usizibe. Kichwa kinaelea kwa hewa, bila hewa kinaanguka. Ndo maana watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kuitumia kama mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na hili nawaambia rafiki zangu waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro kila mara, Mandara kwenye mita 2,720 uko sawa, ukifika Horombo mita 3,720 hewa imeshakuwa nyembamba, usifungue laptopu ya diski ya kuzunguka kumhamishia mgeni picha. Kuibeba ikiwa imezimwa haina neno. SSD, zile diski za chipu tupu zisizo na sahani, na memori kadi hazina kitu kinachoelea, zinaenda mpaka kilele cha Uhuru.

SSD nazo zina lao. Hazigongi, hazikwanguki, kudondoka kwa kawaida zinavumilia. Ila lile gunia linalobaki kwenye stoo baada ya kufuta, kwenye SSD nyingi halibaki. Kompyuta ikifuta faili inaitaarifu SSD kwamba pale hapatumiki tena, na SSD yenyewe inafagia kwa muda wake, inaweza kuwa ndani ya dakika chache. Kwaiyo ushauri wa rafiki yako aliyerudisha picha kwenye diski ya 2012 haukuhusu, na ukifuta kitu cha maana kwenye laptopu ya SSD, zima mashine muda huohuo. Na laptopu nyingi mpya zinakuja na BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data yote kwa ufunguo, imewashwa bila mwenyewe kujua, laptopu ikifa fundi akitoa SSD kuiweka kwingine inadai ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi upo kwenye akaunti ya Microsoft uliyofungulia mashine siku ya kwanza, ile uliyotengenezewa dukani ukasahau nywila. Itafute leo laptopu ikiwa nzima.

Yule kaka aliyesema imekufa imekufa nilimsimulia habari ya Columbia, chombo cha anga cha Marekani kilichosambaratika angani tarehe 1 Februari 2003 kikirudi duniani. Hadidiski moja iliyokuwa ndani na matokeo ya jaribio la kisayansi ilianguka kutoka huko juu, ikaokotwa Texas miezi baadaye imeungua na kuyeyuka pembeni, na wataalamu wakaitoa data karibu yote, asilimia 99. Sahani zilikuwa hazijakwanguliwa.

Ukiwa wa kupeleka kwa fundi, muulize kwanza unaanza na nini. Akisema naanza kwa kunakili diski nzima, kaa chini muongee. Akisema naanza kuifomati au naifungua tuone, chukua diski yako taratibu na umshukuru. Muulize pia nakala ya vitu vyako ataifuta lini, maana humo kuna vitambulisho na siri za watu. Na kama ni ya kwenda mbali, ina tak tak na inabidi iende kwenye chumba safi, ifunge kwenye mfuko ule wa kuzuia umeme tuli au kitambaa kikavu cha pamba, zungushia sponji pande zote upana wa kiganja, boksi gumu, umpe mtu aipakate na sio kuitupa kwenye buti la basi. Ikiwa ni ya mezani weka na adapta yake halisi. Afu chukua karatasi uandike ilidondoka lini, imewashwa mara ngapi tangu hapo, nani kaigusa, unatafuta folda zipi kwanza, na juu kabisa kwa herufi kubwa: MSIIWASHE.